Asilimia 13: ruzuku ya shule za msingi Uganda ilivyopotelea njiani

Katikati ya miaka ya 1990 mahesabu ya elimu nchini Uganda yalikuwa hayaingiani. Bajeti ya shule za msingi ilipanda mwaka hadi mwaka, lakini takwimu rasmi za watoto walioandikishwa zilikuwa zimeganda. Serikali ya wakati huo ilikuwa ikihesabu kila shilingi. Tangu 1992 wizara iliyounganisha fedha na mipango, chini ya Katibu Mkuu Emmanuel Tumusiime-Mutebile, ilikuwa imeshika kanuni ya kutotumia fedha ambazo hazijakusanywa. Wizara ya namna hiyo haiwezi kulinyamazia fungu linalokua bila kuonyesha matunda.

Majibu yaliyowezekana yalikuwa matatu. Pengine fedha hazifiki shuleni. Pengine zinafika lakini hazileti watoto darasani. Au takwimu zenyewe si za kweli. Kwa kawaida mchumi hukimbilia jibu la pili, kwa sababu linajibika akiwa ofisini na jedwali lake. Emmanuel Ablo na Ritva Reinikka, wachumi wa Benki ya Dunia, walianza na la kwanza: kuifuata shilingi kutoka Kampala hadi kwenye daftari la mwalimu mkuu. Ikaja kubainika kwamba la kwanza na la tatu yote yalikuwa kweli.

Kisa hiki husimuliwa kwa sentensi mbili: ni asilimia 13 tu ya fedha iliyofika shuleni, kisha magazeti yakachapisha mgao na wizi ukakoma. Sentensi ya kwanza ni kazi safi ya kiuchumi, ingawa watu huisoma vibaya. Ya pili imetiwa chumvi.

Njia ya fedha

Fedha zenyewe zilikuwa ruzuku kwa kila mwanafunzi: kiasi fulani kwa mwaka kwa kila mtoto aliyeandikishwa, cha matumizi yasiyo mishahara, yaani chaki, vitabu, karatasi, matengenezo madogo na uendeshaji wa ofisi ya shule. Kiwango kilipangwa Kampala na kilikuwa kimoja nchi nzima. Hazina iliituma kwa wilaya, na wilaya ilipaswa kuipeleka shuleni, ama taslimu ama kwa vitu.

Hapo katikati ndipo penye mambo. Ofisi ya wilaya ilipokea fedha za kazi nyingi na ilikuwa na madeni mengi: mafuta ya magari, posho, mishahara iliyochelewa, wageni. Ruzuku ya shule iliingia humo bila kufuli. Shule kwa upande wake haikupata barua yoyote kutoka Kampala ikiiarifu kwamba mwezi huu kiasi fulani kimetumwa kwa ajili yake. Walimu wakuu na wazazi wengi hawakujua hata kama ruzuku hiyo ipo. Shule ziliendeshwa kwa michango ya wazazi kupitia PTA, yaani umoja wa wazazi na walimu, na wazazi waliona hivyo ndivyo mambo yalivyo. Mtu hawezi kudai deni asilojua kwamba anadai.

Jinsi walivyopima

Utafiti ulifanyika 1996. Ulichukua shule 250 za msingi za serikali katika wilaya 18 kati ya 39 zilizokuwepo, na kukusanya hesabu za miaka mitano, 1991 hadi 1995. Sehemu nyingine ilihusu vituo vya afya, lakini hiyo haikuzaa matunda mengi: misaada ya dawa na vifaa huja kwa vitu, kumbukumbu zake ni haba, na kukokotoa thamani ya katoni iliyofunguliwa njiani ni kazi ngumu mno. Shule ndizo zilizokuwa na madaftari.

Kanuni yenyewe ni ya mwanafunzi wa darasa la tano: kilichofika shuleni, gawanya kwa kilichostahili kufika. Ugumu uko katika kupata namba mbili hizo bila kudanganywa, na kazi iliendeshwa kwa kulinganisha ngazi tatu.

Ngazi ya juu ni Hazina, ambako hati za kutoa fedha zinaonyesha tarehe, wilaya na kiasi. Upande huu ulikuwa safi: fedha zilitoka. Ngazi ya kati ni wilaya, na hapa kumbukumbu zilikuwa vurugu tupu, kiasi kwamba mtu akizitegemea peke yake hawezi kusema fedha ziliishia wapi. Ngazi ya chini ni shule, na hapo ndipo mtafiti alipopata bahati. Mwalimu mkuu alikuwa akiandika anachopokea kwa ajili ya shule yake, na daftari hilo halikupelekwa wilayani kwa ajili ya kuombea fedha. Lilikuwa la matumizi ya ndani. Hilo ni jambo la kushika: kumbukumbu ambayo haimletei mwandishi faida wala hasara huwa ya kweli kuliko ile ya kuombea mgao. Ndiyo maana idadi ya wanafunzi ilichukuliwa shuleni. Watafiti walipozijumlisha rejista za shule walikuta uandikishaji umepanda kwa takriban asilimia 60 kati ya 1991 na 1995, wakati takwimu za taifa zikisema hakuna kilichobadilika.

Anayetaka kurudia zoezi la aina hii ajue mahali linapokwama.

Kwanza, vitu. Wilaya ikinunua chaki na vitabu na kuvigawa, shule haitakuwa na shilingi kwenye daftari, na mpimaji mzembe ataandika sifuri. Lazima vitu vihesabiwe na kupewa bei. Pili, mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai, wakati mwaka wa shule huanza mwanzoni mwa mwaka wa kalenda. Fedha za Mei zinazofika Agosti zitaonekana kama zimepotea mwaka mmoja na kuzidi mwaka unaofuata. Dawa yake ni kupima miaka kadhaa mfululizo, na ndiyo sababu miaka mitano ilikuwa na maana kuliko mmoja. Tatu, mwalimu mkuu mpya asiye na daftari la aliyemtangulia. Shule hiyo ikiachwa, na ikawa shule mbovu ndizo zinazopoteza madaftari, wastani utaonekana mzuri kuliko hali ilivyo. Nne, ziara ikitangazwa wiki mbili kabla, daftari litakutwa limenyooka kupita kiasi, wino mmoja na mwandiko mmoja kutoka Januari hadi Desemba.

Asilimia 13 inasema nini

Kwa miaka yote mitano, shule kwa wastani zilipokea asilimia 13 ya ruzuku ya matumizi yasiyo mishahara. Shule nyingi hazikupata chochote. Wastani huo, kwa hiyo, haumaanishi kwamba kila shule ilipata kamgao kake kadogo: zilikuwepo chache zilizopata sehemu nzuri, na umati uliotoka mikono mitupu. Mwaka 1995 hali ilikuwa nafuu kidogo, lakini bado takriban asilimia 80 haikufika.

Hapa ndipo watu husema asilimia 87 iliibiwa. Utafiti haukusema hivyo, na haukuwa na namna ya kusema hivyo. Ulipima mlango wa shule, haukupima mifuko ya watu. Shilingi ambayo haikufika shule inaweza kuwa imenunua mafuta ya gari la wilaya, imelipa posho za kikao, imegharamia siasa za mtaani, au imejenga nyumba ya mtu. Kwa mtoto aliyekosa kitabu yote ni sawa. Kwa anayetaka kuziba tundu si sawa hata kidogo: fedha iliyohamishiwa kazi nyingine ya wilaya inahitaji kufuli la kibajeti na wilaya kupewa fedha zake halali za uendeshaji, wakati fedha iliyoliwa inahitaji mkaguzi na mahakama. Wanaochanganya mambo haya mawili huishia kufunga karani mmoja na kuacha bomba likivuja.

Ushahidi kwamba hili halikuwa suala la tabia mbaya peke yake uko kwenye mishahara. Katika mfumo uleule, wilaya zilezile, mishahara ya walimu ilifika kwa sehemu kubwa, ingawa mara nyingi kwa kuchelewa. Maofisa hawakuwa na dhamiri moja ya mishahara na nyingine ya chaki. Mwalimu anajua mshahara wake ni kiasi gani, anajua mwisho wa mwezi ni lini, na ukikosekana atakwenda kupiga kelele wilayani. Chaki haina wa kuipigia kelele.

Reinikka na Jakob Svensson walilipeleka wazo hili mbele katika makala yao ya 2004. Walionyesha kwamba shule za maeneo yenye uwezo zilipata sehemu kubwa zaidi ya ruzuku kuliko shule za maeneo maskini, ingawa kanuni ilikuwa moja kwa wote. Kwa maelezo yao, kilichoamua mgao ni nguvu ya shule mbele ya ofisa wa wilaya: ina wazazi wanaojua kuuliza? Ina mwalimu mkuu anayeweza kufunga safari na kurudi tena wiki ijayo? Ruzuku iliyobuniwa kuwa sawa kwa kila mtoto iligeuka kuwa zawadi kwa aliyeweza kuifuata. Kwa maoni yetu, hili ndilo tunda bora la utafiti wote, na ndilo linalosemwa kwa nadra zaidi, kwa sababu asilimia 13 ni rahisi kukumbuka.

Magazeti na mbao za matangazo

Baada ya matokeo kujulikana, Wizara ya Fedha ilianza kuchapisha kila mwezi kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, katika magazeti makubwa na matoleo yao ya lugha za nyumbani. Shule za msingi nazo zilitakiwa kubandika ukutani fedha zilizopokea. Mpango wa kufuatilia ukawa na ncha mbili: mzazi aone gazetini kilichotoka Kampala, aone ukutani kilichofika, kisha atafute tofauti.

Shule zilipotembelewa tena mwaka 2002 (218 kati ya zile za mwanzo zilipatikana) na hesabu za 2001 kupigwa, fedha zisizofika zilikuwa zimeshuka kutoka takriban asilimia 80 mwaka 1995 hadi chini ya asilimia 20. Ni mabadiliko ya kushangaza, na yametokea ndani ya miaka sita.

Je, ni kazi ya gazeti? Reinikka na Svensson hawakuridhika kusema limekuja gazeti, wizi umepungua, basi ni gazeti. Kulinganisha shule inayopata gazeti na isiyopata hakutoshi, maana mwalimu mkuu anayenunua gazeti huenda ni yuleyule ambaye angefuatilia fedha hata bila gazeti. Wakatafuta kitu kisichotegemea hulka ya mwalimu: umbali kutoka shuleni hadi mahali pa karibu panapouzwa magazeti. Walimu wakuu walio karibu walijua vizuri zaidi kanuni ya ruzuku na wakati fedha zinapotoka. Kisha likaja jaribio lililo zuri kuliko yote: kabla ya kampeni, umbali huo haukuwa na uhusiano na kiasi ambacho shule ilipata, na baada yake ukawa nao. Kama ukaribu na mji ungekuwa ndio siri yenyewe, ungeonekana tangu 1991.

Kwa hiyo gazeti lilisaidia. Hilo tunalikubali bila kinyongo. Hoja inayobaki ni kiasi gani, maana shule za mbali na gazeti nazo zilipanda sana. Isingewezekana wastani wa nchi kufika pale ulipofika kama zingebaki nyuma. Mtetezi wa gazeti atasema ofisa wa wilaya aliyeona jina la wilaya yake limechapishwa aliogopa shule zote, za karibu na za mbali. Inawezekana. Lakini njia ya umbali haiwezi kuthibitisha hofu ya namna hiyo, kwa kuwa inachopima ni tofauti kati ya shule na shule tu.

Yaliyobadilika pamoja na gazeti

Mwaka 2007 Paul Hubbard, katika andiko la Kituo cha Maendeleo ya Ulimwengu kilichoko Washington, aliorodhesha yaliyokuwa yakitokea Uganda miaka ileile. Orodha si fupi.

Januari 1997 ilianza elimu ya msingi bure, UPE, iliyoahidiwa katika kampeni za urais za 1996. Wanafunzi wakaruka kutoka zaidi kidogo ya milioni 3 hadi milioni 5.3 kwa mwaka mmoja. Ada zikaondolewa na ruzuku ikawekewa kiwango kipya: shilingi 5,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa P1 hadi P3 (darasa la kwanza hadi la tatu), na 8,100 kwa P4 hadi P7. Kabla ya hapo ruzuku ilikuwa nyongeza juu ya michango ya wazazi. Sasa ikawa ndiyo pumzi ya shule, na pia ahadi ya Rais mwenyewe. Ofisa wa wilaya aliyeichezea hakuwa akimkosea mwalimu mkuu tena. Alikuwa akimkosea mkubwa.

Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Serikali za Mitaa, na fedha zikaanza kwenda wilayani kama ruzuku zenye masharti, zikiandikiwa kazi yake na kutolewa hesabu kwa jina lake, badala ya kumwagwa kwenye chungu kimoja. Mwaka 1998 Uganda ikawa nchi ya kwanza kunufaika na mpango wa kimataifa wa kupunguza madeni ya nchi maskini, na akiba hiyo ikaingizwa kwenye Mfuko wa Kupambana na Umaskini ambao haukuruhusiwa kukatwa katikati ya mwaka. Asilimia 5 ya mfuko ilitengwa kwa ufuatiliaji: watu wa kutembelea shule, mafuta ya kuwafikisha, na taarifa za kuandika. Wafadhili walikaa mezani wakizisoma taarifa hizo moja moja.

Baada ya yote hayo kupita kwa mpigo, kumpa gazeti sifa zote ni kama kumsifu kipa peke yake siku ambayo timu pinzani imecheza pungufu.

Hoja ya pili ya Hubbard ni ya hesabu, na inawaponyoka watu wengi. Asilimia ya uvujaji ina namba ya juu na ya chini. Ukiikuza ya chini, asilimia inashuka hata kama fedha inayopotea haijapungua sana. Chukua mfano wa kubuni. Shule inastahili shilingi 1,000,000 na inapokea 220,000: zimepotea 780,000, asilimia 78. Miaka sita baadaye inastahili 4,000,000 na inapokea 3,280,000: zimepotea 720,000, asilimia 18. Kwenye grafu huo ni ushindi mkubwa. Kwa shilingi, wilaya imeacha 60,000 tu. Hubbard alionyesha kwamba Uganda nayo, ukihesabu fedha halisi badala ya asilimia, kushuka kwa uvujaji hakukuwa na kishindo kile kinachosikika.

Tusizidishe na upande huu. Shule iliyokuwa ikipata 220,000 na sasa inapata 3,280,000 imepata vitabu, na mtoto anayesoma kitabu hicho hana haja na mabishano yetu. Lakini kwa wizara inayojiuliza inunue dawa gani, tofauti ni kubwa. Kama kilichofanya kazi ni gazeti, gharama yake ni ndogo mno na kila nchi inaweza. Kama kilichofanya kazi ni fungu kubwa lenye kufuli, amri kutoka juu, wakaguzi wenye mafuta na gazeti kwa pamoja, basi bei ni nyingine kabisa.

Zambia na vituo vya afya

Utafiti kama huu ulifanyika Zambia mwaka 2002, na matokeo yake yanatoa mwanga wa pembeni. Jishnu Das, Stefan Dercon, James Habyarimana na Pramila Krishnan walikuta aina mbili za fedha. Moja ilikuwa ruzuku ya kanuni, kiasi kilekile kwa kila shule bila kujali idadi ya wanafunzi: zaidi ya asilimia 90 ya shule zilikuwa zimeipata. Nyingine ilitolewa kwa hiari ya maofisa, na hiyo shule chache ndizo zilizoiona. Kanuni ilikuwa nyepesi kiasi kwamba mwalimu mkuu akiuliza jirani yake "mmepata?" ameshafanya ukaguzi. Haikuwa haki kamili, maana shule ya watoto 100 ililingana na ya watoto 900, ila ilikuwa vigumu kuila.

Uganda kwenyewe, wazo kwamba habari ikiwekwa mikononi mwa wananchi inatosha lilijaribiwa tena kwenye afya. Martina Björkman na Svensson walichapisha mwaka 2009 jaribio katika vituo 50 vya wilaya 9, ambako wanakijiji walipewa taarifa ya utendaji wa kituo chao na kukutanishwa na wahudumu kupanga marekebisho. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kwa takriban theluthi moja. Baadaye Pia Raffler, Daniel Posner na Doug Parkerson wakafanya jaribio la mfano huo kwa ukubwa zaidi, vituo 376 katika wilaya 16. Huduma iliboreka kiasi, lakini hawakuona vifo vikipungua wala watu wengi zaidi kwenda kituoni. Sababu wanazojadili wachumi ni nyingi, mojawapo ikiwa kwamba hali ya afya ilikuwa imeshaboreka kati ya majaribio hayo mawili, hivyo nafasi ya kuvuna ilikuwa ndogo.

Na fedha kufika shuleni bado si elimu. Uchunguzi wa kushtukiza wa nchi kadhaa, uliochapishwa 2006, ulikuta asilimia 27 ya walimu wa shule za msingi Uganda hawapo shuleni siku ya ziara. Ruzuku ilikuwa ikifika wakati huo.

Kwa anayefuatilia leo

Tangu siku zile tundu limehama. Fedha sasa hupita benki hadi akaunti ya shule, na ofisa wa wilaya hana tena bahasha ya kufungua. Anayeendelea kulinda mlango ule wa 1995 analinda mlango ambao mwizi ameshauacha.

Sehemu dhaifu ya ruzuku kwa kila mwanafunzi ni idadi ya wanafunzi. Shule inapodaiwa kitu kwa kila kichwa huandika pungufu, na inapolipwa kwa kila kichwa huandika zaidi. Kwa viwango vile vya UPE ya mwanzo, chukua shule yenye watoto 300 wa P1 hadi P3 na 200 wa P4 hadi P7. Haki yake ni 1,500,000 na 1,620,000, jumla 3,120,000 kwa mwaka. Mwalimu mkuu akiongeza wanafunzi hewa 60 kwenye madarasa ya chini, Hazina itatuma 3,420,000. Tuseme 3,000,000 ndizo zilizoingia kwenye daftari la shule. Mkaguzi anayeanza na hati za Hazina ataandika zimepotea 420,000, asilimia 12. Anayeanza na watoto waliokaa darasani ataandika zimepungua 120,000, kama asilimia 4. Wote wawili wamepiga hesabu sawasawa. Na ubao wa shule unaosema "tumepokea 3,000,000" hautamwonyesha mzazi lolote kati ya hayo.

Ubao wenye faida unabeba vitu vinne kwa pamoja: idadi ya watoto kwa darasa kama ilivyotumwa wizarani, kiwango kwa kila mtoto, kiasi kilichoingia benki na tarehe yake, na matumizi kwa vocha. Idadi ikikosekana, mengine matatu ni mapambo. Mzazi hawezi kukagua vocha ya matengenezo ya paa, ila anaweza kuchungulia dirisha la P2 na kuona kwamba hakuna watoto 140 mle ndani.

Mpimaji naye aanze na kuhesabu vichwa, kabla hajagusa daftari lolote, na asihesabu siku ya soko wala siku ya uji wa bure. Ahesabu siku mbili zisizotangazwa, katikati ya muhula, P1 na P2 kwanza kwa kuwa ndiko rejista huvimba zaidi. Alinganishe na rejista ya darasa, kisha rejista na fomu iliyotumwa wilayani. Pengo kati ya vichwa na rejista linaweza kuwa utoro tu. Pengo kati ya rejista na fomu halina maelezo ya utoro, kwa sababu makaratasi yote mawili yameandikwa na ofisi moja. Baada ya hapo ndipo aombe taarifa ya benki na kuendelea juu hadi Hazina.